Chuma Alichotufungia Mzee Barasa

Siku ile tulikuwepo watu wanane. Mimi, Chepkorir, nikiwa na miaka kumi na sita. Wadogo zangu watatu: Kiprono, Chebet, na kitinda mimba wetu Kibet, ambaye hata meno ya mbele hakuwa nayo. Baba mdogo Joel, ndugu ya marehemu baba, aliyekuja amevaa viatu vya kanisani ingawa ilikuwa Jumamosi. Mzee Zakayo, mzee wa kanisa letu. Koros, nyapara wa shamba kubwa la chai lililopakana na kijiji chetu, ambaye Joel alimwita awe shahidi. Na mzee Barasa, ambaye hakuitwa na yeyote isipokuwa mimi, na ambaye kwa sehemu kubwa ya mkutano ule alionekana miguu tu, kwa kuwa mwili wake uliobaki ulikuwa chini ya gari. Nawataja wote kwa majina kwa sababu siku hizi naisikia habari ya siku ile ikisimuliwa, na kila inaposimuliwa mtu mmoja amepungua. Anayepungua ni yule yule kila mara.

Hewa ilinuka majani mabichi ya chai yaliyoanza kupata joto. Anayeishi kijijini kwetu Kimulot anaijua harufu hiyo bila kufundishwa. Mwanzoni ni tamu, kama nyasi zilizofyekwa baada ya mvua, halafu polepole inageuka kuwa nzito kama ya ndizi iliyoiva kupita kiasi, na hapo mwenye majani anaanza kukimbia. Chai iliyochumwa haimsubiri mtu. Haishindiliwi kwenye gunia wala haifungiwi ndani ya gari, kwa maana ikikosa hewa inachemka yenyewe, inakuwa nyekundu, na karani wa kituo cha kununulia anaitupa kando bila kukutazama usoni. Ndiyo maana baba alikuwa akiyabeba majani ya majirani juu ya paa la gari, kwenye keria, ndani ya neti zilizopitisha upepo. Lilikuwa gari jeupe la stesheni wagoni, na neti zikishapangwa juu lilikuwa refu kuliko mlango wa nyumba yetu. Baba aliliendesha taratibu, mkono mmoja nje ya dirisha, kama mtu anayemshika ng'ombe pembe asianguke.

Mama alitangulia, kifua kikamshinda. Baba alimfuata kabla ya mwaka kwisha. Nilikuwa kidato cha pili. Hakuna aliyeniambia niache shule, na jambo hilo wenzangu wa ukoo hulisema hadi leo kama kwamba ni sifa yao. Ni kweli, hakuna aliyeniambia. Vilevile hakuna aliyeniambia Kibet angekula nini Jumatatu. Nilikunja sare, nikaiweka chini ya godoro, nikachukua ufunguo wa gari. Nilikuwa nimefundishwa kuendesha na baba mwenyewe kwenye njia ya kwenda kituoni. Leseni sikuwa nayo, na sisemi nilifanya vyema. Nasema tulikula.

Tulikula miezi mitatu. Kisha mvua zikaja, barabara ya udongo ikawa kama sabuni, na pale penye kona inayoshuka kwenda kijito gari likaanza kulala. Baba alikuwa amejua namna ya kulibembeleza, mimi sikujua. Ukiingia kona, keria ilivuta upande wa nje, na mwili mzima wa gari ukafuata, ukabaki umelala hata baada ya kona kwisha, kisha ukarudi kwa kishindo upande wa pili. Siku moja kamba zilikatika. Neti sita za watu, mchumo wa asubuhi nzima, zilimwagika kwenye matope. Hakuna aliyeumia, lakini wiki ile ile majirani walianza kupitisha majani yao kwa punda na kwa migongo. Sikuwalaumu. Yai la mtu hulibebi ukiwa unayumba.

Ninayemlaumu ni Joel. Habari ile haikuwa imekauka na yeye alishatangaza mkutano. Aliupanga wote kabla haujafanyika, nami niliupata kutoka kwa Chebet, aliyemsikia akiupanga kwa simu nyuma ya kanisa. Gari lingeuzwa, kwa kuwa "gari linalolala kwenye kona ni jeneza lenye magurudumu". Kibet angepelekwa kwa shangazi huko Chepseon. Kiprono angekwenda kuchunga ng'ombe wa rafiki yake Joel. Chebet, mwenye miaka kumi, angekaa kwa Joel mwenyewe alee watoto wake, kwa maana mke wake alikuwa amejifungua. Na mimi? "Huyo ni mkubwa," alisema, "huyo atapata mtu." Watoto wanne wa tumbo moja waligawanywa kama vyombo vya matanga, na aliyegawanya hakuwahi kutuletea hata kilo ya unga. Wanasema penye wazee haliharibiki neno. Mimi nimeona neno likiharibika penye wazee, tena wakiwa wameketi, wamekunywa chai yetu.

Nilikwenda kwa mzee Barasa. Alitoka upande wa magharibi, akaja ujana wake kuchuma chai, akaishia kuwa fundi kwenye gereji ya lile shamba kubwa. Alikuwa akiishi peke yake kwenye laini, zile nyumba ndogo za wafanyakazi zilizopangwa mstari, na alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Baba ndiye aliyekuwa rafiki yake. Mzee alilizunguka gari mara mbili, akaliegemea kwa kiuno, akalisukuma, akaliangalia likiyumba.

"Hii gari inalala kama mtu anatolewa arusi," alisema. "Springi ni nzima. Shida ni stabilaiza ya nyuma. Kuja uone."

Nililala chini pamoja naye. Alinionyesha chuma kilichopinda mfano wa pembe za ng'ombe, kikitoka gurudumu la kushoto hadi la kulia. Kazi yake, alisema, ni kuukataza upande mmoja kuzama peke yake: gari likitaka kulalia kushoto, chuma kinajinyonga na kuuvuta upande wa kulia nao ushuke, basi mwili unabaki wima. Chetu kilikuwa chembamba kama kidole. Kilitengenezwa kwa ajili ya gari linalobeba watu wanne na kikapu, si mlima wa chai juu ya paa. Nilimwuliza kwa nini tusiweke kinene kuliko vyote. Akacheka. "Kinene sana nacho ni adui. Kwa matope, mkia utakutupa kwa mtaro. Tunatafuta cha kiasi."

Tulikipata Merigi, kwa mwuza vyuma chakavu, chini ya gari jamaa ya letu lakini zito zaidi, lililokuwa limepinduka na kuharibika mbele. Mzee Barasa alikipima kwa kamba, akalinganisha, akaitikia kwa kichwa kwamba ndicho. Hakuwa na pesa, mimi pia sikuwa nazo. Lango la mwuza vyuma lilikuwa limeng'oka bawaba zote, basi wakakubaliana. Mzee alilichomelea lango lile siku moja na nusu, siku za mapumziko yake, nami nikimshikia vyuma na kumpa vijiti vya kuchomelea. Alipomaliza, mwuza vyuma alilifungua na kulifunga mara tatu, akasema, "Chukua chuma yako mzee, tumemalizana." Hakuandika karatasi. Nani huandikiana karatasi kwa ajili ya lango? Lakini nilikuwepo. Nilisikia kwa masikio yangu na niliona kwa macho yangu, nami ninaomba msomaji alishike hilo.

Ijumaa tulianza kufunga. Gereji yetu ilikuwa mtaro wa maji unaopita kati ya mistari ya chai: tuliweka mbao mbili nene kuuvuka, gari likapanda juu yake, na fundi akajilaza mtaroni kama mfalme. Chuma cha zamani kilitoka kikilia, kwa sababu bolti zilikuwa zimeshikana na kutu. Kipya kilipita, ila vile vifupi vinavyokiunga na magurudumu havikufika, basi mzee akatengeneza vingine kwa bolti ndefu ambazo urefu wake unaupanga kwa nati. Bushi, ile mipira inayokishika chuma, alizikata kutoka kwa tairi la lori, akazipaka sabuni ziteleze. Kisha akaitwa kazini, akaniambia nisiguse kitu mpaka arudi asubuhi.

Niligusa. Mkutano ulikuwa kesho yake na sikuweza kukaa bure. Nilipiga jeki upande wa kulia nipate nafasi, nikakaza nati za kushoto, nikakaza na za kulia, nikajisifu. Niliposhusha jeki gari lilikaa upande, bega moja juu, kama kuku aliyevunjika mguu. Chuma kile nilikuwa nimekifunga kikiwa kimenyongwa tayari, na sasa kilikuwa kinalivuta gari hata likiwa limesimama. Mzee Barasa alipofika asubuhi alitazama, akaondoa kofia.

"Chepkorir, sasa umefunga stabilaiza ama umefunga mbuzi?"

"Nisamehe, mzee."

"Fungua yote. Hii kitu haikazwi gari ikiwa kwa jeki. Inakazwa ikisimama kwa miguu yake yote, na mzigo yake juu, kama iko kazini. Leta uzito."

Hapo ndipo palikuwa na shida. Uzito ulikuwa majani, na majirani hawakutupa tena. Tulikuwa na neti mbili za kwetu tu, tulizochuma alfajiri, ambazo zilikuwa zinangoja pembeni na kuanza kunuka kwa sababu ya kosa langu. Tuliziweka juu ya keria, Kiprono na Kibet wakapanda wakaketi kando yake. Haikutosha. Na wakati huo huo Joel, mzee Zakayo na Koros wakatokea kwenye njia, wakaketi kwenye benchi yetu, wakafungua mkutano kwa maombi. Joel akasimama. Alikuwa ameshafika kwenye "damu ni nzito kuliko maji" wakati sauti ilipotoka mtaroni.

"Chepkorir! Uzito!"

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilimwendea mzee Zakayo, ambaye alikuwa mtu wa kilo nyingi na kicheko karibu, nikampigia goti. "Mzee, naomba uingie kwenye gari, uketi nyuma."

"Tunaenda wapi, mtoto wangu?"

"Hatuendi popote. Nahitaji kilo zako."

Alicheka mpaka akakohoa. "Miaka yote mke wangu ananilaumu kwa huu mwili," alisema akiinuka, "kumbe ulikuwa unangoja kazi." Akaingia, gari likashuka. Koros naye akaingia kwa kuona haya kubaki, akaketi kando yake, kofia mapajani. Joel alikataa.

"Mimi si gunia," alisema.

Chebet, aliyekuwa akimimina chai, hakuinua hata uso. "Gunia halina maneno mengi, baba mdogo."

Ilinipasa kumkaripia. Sikumkaripia. Hivyo ndivyo mkutano wa kutugawanya ulivyoendelea: wazee wawili ndani ya gari wakiwa mizigo, na Joel nje, ameinama dirishani na viatu vyake vya kanisani, akieleza kwa nini tutawanywe, huku sauti ya spana ikimkatiza kila sentensi. Chini yao mzee Barasa na mimi tulikaza nati kidogo kushoto, kidogo kulia, mpaka chuma kikakaa bila kuvuta popote. Alinishika mkono, akauweka juu ya bushi nihisi. "Sikia. Imetulia."

Mzee Zakayo alikuwa amesikiliza yote. "Joel," alisema kutoka ndani, "unasema hii gari inaanguka kona. Basi twende kona. Mimi niko ndani tayari." Niliwashusha wavulana, nikafunga kamba za neti upya, nikashika usukani. Nilijua kinachobebwa: si majani wala wazee, ila kama Kibet angelala kwetu usiku ule au Chepseon. Niliingia ile kona ya kijito kwa mwendo wa baba. Gari lilitaka kulala, nikalihisi likitaka, kisha likakataa. Lilipita wima. Mzee Zakayo aligonga kiti cha mbele kwa kiganja. "Hii imesimama kama shemasi!" Tulifika kituoni karani akiwa anakunja kitabu, akapitisha vidole kwenye majani yetu, akayapokea.

Tuliporudi mzee Zakayo hakukaa hata kwenye benchi. Alisema watoto watabaki pamoja na gari litabaki na watoto, na kwamba aliyeweza kusimamisha gari anaweza kusimamisha nyumba. Ilipaswa kuishia hapo. Lakini mtu aliyeshindwa mbele ya watu hutafuta mahali pa kuweka mguu, na Joel akauweka juu ya mzee Barasa, ambaye alikuwa ametoka mtaroni, anajifuta mikono kwa majani.

"Koros," alisema Joel taratibu, "wewe ni nyapara. Chuma kama hiki, kwa fundi wa gereji ya shamba, kinatoka wapi?"

Koros alikitazama chuma, akamtazama mzee. Mzee Barasa hakuonyesha hata hasira. "Nilikitolea jasho Merigi," alisema. "Huyu mtoto alikuwepo. Muulizeni."

Wote wakanigeukia. Joel akanisogelea, akatabasamu. "Fikiri vizuri kabla hujasema, Chepkorir. Mkutano haujafungwa bado."

Nilielewa, na hata Kibet nadhani alielewa. Uamuzi wa mzee Zakayo ulikuwa neno tu, haujaombewa, na neno lililosemwa asubuhi laweza kusemwa upya adhuhuri. Niliwatazama wadogo zangu watatu wamesimama karibu na chungu cha chai. Niliangalia chini. Nilinyamaza. Nilinyamaza kwa muda ambao mtu angeweza kusema sentensi ile mara kumi, mpaka mzee Zakayo, ambaye sijui aliona nini usoni mwangu, akasema tuombe, akafunga mkutano.

Jumatatu mzee Barasa aliitwa ofisini. Hawakuhitaji kuthibitisha lolote. Maskini wa kutoka mbali akishukiwa ameshahukumiwa. Kabla ya wiki kwisha aliondolewa kwenye laini, na mfuko wake wa spana, alizozinunua moja moja kwa maisha yake yote, ukabakizwa ukisemwa ni mali ya shamba. Alipita kwetu akiwa na kisanduku kichwani. Nilikuwa nikipanga neti. Nilitaka kukimbia ndani. Alisimama nje ya ua, akalitazama gari, akasema, "Kaza zile nati kila baada ya wiki mbili. Mpira mpya hukaa chini, nati inalegea." Kisha akaenda zake. Hakuniuliza chochote. Angeniuliza, angenitukana, ningekuwa leo na mzigo mwepesi.

Majirani walirudi na majani yao. Niliendesha gari lile miaka saba, nikakaza zile nati kila wiki mbili, na kila nilipolala mtaroni nilimwona. Wadogo zangu wamesoma, wote watatu. Sasa barabara ya kijito ni ya lami, kona imenyooshwa, na vijana wa gereji za sokoni huangalia kwenye simu jinsi ya kufunga stabilaiza, wanafunga kinene kuliko vyote ili gari lionekane kali, wala hakuna anayewaambia habari ya matope. Wazee nao wamebadilika: siku hizi wanajifunza kusifu. Chebet alipomaliza chuo cha uuguzi tulifanya sherehe uani, hema, viti vya kukodi, kipaza sauti. Joel alisimama kabla yangu. "Hawa watoto," alisema, "tuliwalea sisi." Watu wakapiga makofi. Koros, mzee sasa, alipiga makofi akiwa safu ya mbele. Kipaza sauti kikanifikia mimi, na mimi, mwanamke mzima, nisiyemtegemea mtu yeyote pale kwa kibaba cha unga, nikawashukuru wazee wetu kwa hekima yao. Nilikwenda nyuma ya hema nikakaa peke yangu, nimekasirika. Nilimkasirikia Joel, ndiyo. Lakini siku ile ya kwanza nilikuwa na watoto watatu wa kulinda. Siku ya sherehe nilikuwa nalinda nini?

Mchumaji mmoja anayetoka kwao aliniambia mzee Barasa yu hai. Jicho moja limekufa, lakini bado hutengeneza baiskeli za majirani, kwa spana za kuazima. Nimevuka kwenda upande ule mara mbili kwa shughuli zangu na mara zote mbili nimepita njia ya kugeukia kwake bila kupunguza mwendo. Wanasema asiyekuwepo na lake halipo, na Kimulot wamelishika neno hilo kwelikweli. Ninajua ninachodaiwa. Spana ningeweza kumnunulia kesho, seti nzima, na najua angezipokea kwa adabu, akanishukuru, na deni lisipungue hata kidogo. Ninadaiwa sentensi moja, isemwe kwa sauti, uani kwetu, yeye akiwa ameketi kwenye kiti na si mtaroni, mbele ya wale waliokuwa wakinitazama: kwamba nilikuwepo Merigi, na chuma kile kilikuwa chake. Mpaka leo sijaisema. Joel yu hai, Koros yu hai. Mzee Zakayo tulimzika mwaka jana, kwa hiyo kwa mmoja wao nimeshachelewa.